Jina la Mwisho Katika Kasala

Walisema sitamaliza hata mwezi mmoja. Kapita wa genge la reli alisema kifua changu ni chembamba mno, sauti itakatika kabla jua halijafika utosini. Mupe wa misioni, yaani padre aliyetufundisha kwaya, alisema nina sikio zuri na kichwa kigumu, na mtu wa namna hiyo hapati cheti cha muziki hata akizeekea shuleni. Majirani walisema hakuna mtu katika Kamina nzima aliyewahi kuishi kwa kuimba, tena peke yake, bila kwaya wala ngoma nyuma yake. Leo diploma yangu ya solfeji imo ukutani, ndani ya kioo, na mgeni huiona kabla hajapewa kiti. Nimeimba zaidi ya miaka thelathini. Nimesikika kutoka Elisabethville mpaka Kasai. Hakuna aliyenisukuma, nilipanda mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya vijana wanaochomeka gitari kwenye umeme na kudhani kazi hii ilianza nao. Nitawaeleza ilivyofanywa zamani. Nitawaeleza pia jambo lililonitia butwaa kuliko yote maishani, ambalo nililitenda mimi mwenyewe, nikiwa na diploma yangu sandukuni.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa chuma. Ilikuwa katika miaka ya ishirini, reli ikivutwa kutoka Kamina kuelekea Kasai, nami nilikuwa nimetoka misioni nikitafuta kazi ya sepetu kama wenzangu. Kapita, yule msimamizi mweusi aliyekuwa chini ya wazungu na juu ya sisi wengine wote, alinisikia nikiimba kwenye foleni ya kuandikwa majina. Alinivuta kwa shati.

"Weye, unaimba vile juu ya nini?"

"Juu ya kungojea, bwana."

"Basi leo utaimba juu ya kazi. Mwitaji wangu iko mugonjwa."

Mwitaji ni mtu anayelitolea genge wimbo. Siku hizi hayupo tena, kwa hiyo nieleze. Reli moja ilibebwa na watu wengi kwa mikono, na wasipoinua kwa pamoja, uzito wote humwangukia mmoja. Mwitaji husimama pembeni na kutoa mstari, genge hujibu, na katika silabi ya mwisho ya jibu wote huinua. Kushusha ni vivyo hivyo. Wimbo ulikuwa chombo cha kazi sawa na mtaimbo, ile fimbo nene ya chuma ya kusogezea reli.

Kabla ya saa sita nilijitia ufundi. Nilirefusha silabi ya mwisho kama tulivyozoea kwaya, ili ipendeze. Nusu ya genge walishusha, nusu walikuwa bado wameshika. Reli iliruka na kumgonga mtu mguuni. Mfupa haukuvunjika. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba sauti yangu inaweza kumwumiza mtu. Kapita hakunipiga.

"Mutoto ya misioni, sikia," alisema. "Ku kanisa ukiimba, Mungu anangoja. Huku reli haingoji."

Siku ileile alinikopesha nyimbo zake. Ndivyo tulivyosema kwetu, na ndivyo ilivyokuwa: wimbo ulikopeshwa. Mwenye wimbo aliutaja kuwa wake, akaweka sharti, na mkopaji akakubali mbele ya mtu wa tatu. Sharti la Kapita lilikuwa jepesi. Siku nitakapoliacha genge nije nimwambie kwa mdomo wangu, ili nyimbo zirudi kwake. Nilikubali. Kisha Shefu wa stesheni, Mbelgiji mwenye masharubu, alipogundua kwamba najua kusoma, alisema, "Huyu kumuacha juani ni kupoteza kalamu," akanihamishia mizigo. Niliondoka asubuhi ya pili yake. Kapita sikumwambia neno.

Stesheni ya Kamina ndipo nilipokutana na gitari. Kalala, karani wa telegrafu, mtu wa Kasai mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku za kazi, alikuwa nayo moja. Alinifundisha kupiga kwa vidole viwili: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, na cha shahada kinaimba juu yake. Mtu mmoja husikika kama wawili. Uzi ukikatika tulichomoa waya wa breki ya baiskeli na kuuchambua. Tukitaka kupandisha sauti, tulilaza kipande cha penseli juu ya shingo ya gitari na kukifunga kwa mpira wa tairi. Kalala naye alikuwa na sharti.

"Hii vidole ni vyangu," alisema. "Nakukopesha. Fasi yote utapiga, utasema: ni ya Kalala."

Nilikubali. Sikusema kamwe, mahali popote, hata mara moja.

Baadaye nilipelekwa Bukama kuhesabu mizigo ya meli za mto, na huko nilikuwa nikishuka mpaka Kinkondja kununua samaki. Mzee Mutombo, mvuvi wa ziwa Kisale, alinikopesha wimbo wa kupiga kasia. Wimbo ule una pengo: sauti inakaa kimya pale kasia linapotoka majini, na asiyewahi kupiga kasia hujaza pengo lile kwa haraka na kuuharibu. Sharti lake lilikuwa nisiwaimbie watu wasiojua maji. Nilikubali na hilo.

Lakini mkopeshaji wangu mkubwa alikuwa Mama Ngoie, dada mkubwa wa mama yangu mzazi, ambaye kwetu huitwa mama mukubwa. Hapakuwa na kilio Kamina, yaani msiba, ambako Mama Ngoie hakuitwa. Yeye ndiye aliyeshika kasala ya ukoo wetu. Kasala ni wimbo mrefu wa majina: kila jina na sifa zake, kila mtu na alilolifanya duniani, moja baada ya jingine kama mabehewa. Nilikaa uani kwake Jumapili nyingi akichekecha unga wa muhogo na mimi nikifuata kwa gitari. Siku moja alisimamisha chekecheo.

"Mwanzo nakukopesha," alisema. "Katikati nakukopesha. Mwisho, hapana."

"Juu ya nini, mama?"

"Mwisho haifundishwi ku Jumapili. Utakuja ku kilio, utakaa chini na bantu mpaka inaisha, njo utasikia vile inawekwa."

Sikuwahi kukaa. Nilipokuwa mdogo, watoto walifukuzwa kabla ya mwisho. Nilipokuwa mkubwa, nilikuwa na zamu. Kisha nikahamishiwa Elisabethville, na mambo ya uani kwa Mama Ngoie nikayaona ya zamani.

Elisabethville ndiko nilikojijenga. Mchana nilikuwa reli, jioni nilikwenda shule ya mafratele, wale watawa wa kizungu, kujifunza solfeji, yaani kusoma na kuandika muziki kwa alama, na kanuni za sauti zinavyopatana. Tulianza wengi kutoka kampi ya reli. Aliyetoka na diploma ni mimi. Jumapili niliimba katika nyua za bia za site, mtaa wa sisi watu weusi, peke yangu, na kiti na gitari. Wenye bendi zao walinicheka. "Huyu alipoteza wenzake ku njia," walisema. Wiki zilipopita, watu wao walianza kuvuta viti kuja upande wangu, na kicheko kikahama.

Ndipo akaja mzungu tuliyemwita Bwana wa Mashini. Alitembea na lori lenye mitambo ya kukamata sauti na kuipeleka kwenye santuri. Alipanga chumba, akatundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi, akachora mstari wa chaki sakafuni pa kusimama, yeye akakaa na mitambo nyuma ya dirisha la kioo. Taa nyekundu ikiwaka, hata kukohoa ni kosa. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu tu.

Niliimba za Kapita, nikaimba ya Mutombo. Kwa santuri ya mwisho nilichagua kasala, niliyoifupisha kwa ustadi ambao hakuna mwingine angeuweza. Nilipofika mwisho wa nilichokopeshwa, nikanyamaza. Bwana wa Mashini alizima taa na kutoa kichwa.

"Banza, hii wimbo inakatika kama kamba. Mwisho iko wapi?"

"Haina mwisho, bwana."

"Kila wimbo iko na mwisho. Weye iko na diploma. Weka."

Nilisikia aibu, kisha nikasikia fahari. Kanuni nilizijua: sauti ilipaswa kushuka taratibu na kutua pale ilipoanzia. Nilihitaji jina fupi la kutua nalo. Nikafikiri: nani anastahili heshima yangu kuliko yule aliyenipa kasala yenyewe? Jina la mwisho nililokopeshwa lilikuwa la Nyembo, mjomba wangu aliyefariki zamani. Nikaimba:

*Nyembo, aliyevuka mto na viatu mkononi,*
*na Ngoie, mama wa sauti, uliyenipa njia.*

Ilitua vizuri ajabu. Bwana wa Mashini aliinua kidole gumba nyuma ya kioo. Alinipa mkataba wa nyimbo sita nyingine, za kukamatwa kabla ya mvua kuanza, na kwa furaha ile niliandika barua ya kuacha kazi ya reli. Nilitaka kurudi Kamina nikiwa mwimbaji na si mtu wa mizigo.

Santuri zilipanda gari la moshi kabla yangu. Nilifuata majuma machache baadaye, daraja la pili, suti ya kijivu, viatu vya rangi mbili, gitari ndani ya sanduku lake. Nilijua tayari nitakavyoshuka. Tulipofika Bukama niliona watu wengi wakipanda mabehewa ya nyuma, wanawake vichwa vyao vimepakwa majivu, wanaume wamebeba mikeka iliyoviringishwa. Tangu hapo kilio hakikunyamaza. Niliwahurumia. Nilimwambia jirani yangu wa kiti kwamba aliyekufa bila shaka alikuwa mtu mkubwa, maana watu wanalia kwa zamu, kwa mpango.

Kamina tulishuka mchana. Watu wa majivu walipita mbele yangu, na nikawatambua. Walikuwa ndugu zetu wa Kabondo-Dianda. Aliyetangulia alikuwa mjomba Kasongo, mdogo wao Mama Ngoie na mama yangu. Aliniona, akatupa mkeka chini, akanishika mabega kwa mikono yote miwili.

"Banza," alisema. "Mama Ngoie."

Hakuongeza, na mimi sikuweza kuuliza. Viatu vya rangi mbili vilikuwa mavumbini na mimi juu yake, nikilia kama mtoto. Mjomba aliniinua. Alinipaka majivu yeye mwenyewe, kwenye paji la uso na kwenye kola ya suti. Tukaondoka kwa miguu kwenda kwa marehemu, watu wengine wa mjini wakijiunga njiani, kwa kuwa kilio kikipita hakuna anayebaki amesimama tu. Mimi nililia kuliko wote. Nilisema kwa sauti mambo yote ambayo sikumwambia akiwa hai: kwamba sikuandika barua, kwamba sikutuma hata salamu na mtu.

Tulifika uani. Mama Ngoie alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachekecha unga.

Alituona tukiingia, watu wengi, majivu, mikeka. Kwetu adabu ya kilio ni kulia kwanza na kuuliza baadaye. Anayeuliza kabla hajalia anaonyesha kwamba anapima kama msiba unamfaa. Mama Ngoie aliweka chekecheo chini, akajifunga kitenge kiunoni, akachota majivu jikoni, akaanza kulia pamoja nasi. Alilia vizuri, kwa sauti ileile. Na sisi tulisimama, midomo wazi, mmoja baada ya mwingine tukinyamaza, mpaka akabaki analia peke yake.

Alijifuta macho. "Pole, bandugu," alisema. "Sasa muniambie. Ni nani?"

Nilimtazama mjomba Kasongo, naye alikuwa ananitazama mimi.

"Banza njo anajua," alisema mjomba, yaani mimi ndiye mwenye habari.

"Minyi? Nyinyi njo muliniambia, ku stesheni."

"Tulikuambia nini? Weye njo ulituambia. Tulisikia santuri ku fono ya duka, kule Bukama. Sauti yako. Ulihesabu bantu bote benye kufa mpaka Nyembo, na nyuma ya Nyembo ukamuweka Ngoie. Tulisema, kama mutoto wake mwenyewe amemuweka mwisho, tunangoja nini tena?"

Ndipo nilipoelewa. Kasala ya msiba hutaja wafu watupu, kutoka wa kale mpaka wa jana, na jina la mwisho ni la yule aliyelala ndani ya nyumba siku hiyo. Hilo ndilo alilokataa kunikopesha. Kila mtu mzima uani pale alilijua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Aliyekuwa halijui alikuwa mimi, mwenye diploma. Mbele ya mzungu na taa nyekundu, kwa sauti safi, nilikuwa nimemzika mama yangu mkubwa.

Mama Ngoie alikaa tena kwenye kigoda. Mikono yake ilikuwa na majivu na unga.

"Nani alikufundisha mwisho?" aliuliza.

"Hakuna mutu."

"Na ulitoa wapi?"

"Ku solfeji, mama."

Shangazi mmoja alianza kucheka, akajizuia kwa kitenge. Mama Ngoie hakucheka.

"Mutu akikosea ku kilio, tunamunyamazisha na tunaanza tena," alisema. "Ile mashini, nani atainyamazisha? Kila siku wakiizungusha minyi nakufa. Banza, nyimbo yangu, rudisha. Na gitari lete hapa."

Aliitundika jikoni, juu ya uchaga wa kukaushia samaki.

Habari zilienda haraka kuliko gari la moshi. Kalala alikuja asubuhi ya pili, suruali imepigwa pasi.

"Nilisikia santuri," alisema. "Vidole ni vyangu. Jina haliko. Na minyi uliniua ama uliniacha tu?"

Kapita, aliyekuwa amezeeka na kuwa kiziwi kwa milio ya chuma, alituma mjukuu aseme kwamba anangojea kuambiwa kuwa nimeacha genge. Kutoka Kinkondja Mzee Mutombo alituma neno na wauza samaki: wimbo wake unachezwa madukani na watu wasiojua maji, na wameshaanza kujaza pengo. Kumbe wote walikuwa wakinyamaza tu kwa heshima. Kosa langu kwa Mama Ngoie liliwafungua midomo.

Mtaelewa hali yangu. Kazi ya reli nilikuwa nimeiacha kwa barua yenye saini. Bwana wa Mashini alikuwa ananingoja na nyimbo sita, na alikwisha kuniandikia kwamba nisipofika kabla ya mvua, yupo kijana wa Jadotville. Nikiimba za kukopa bila ruhusa, hakuna mtu wa kwetu angenikaribisha tena, si kilioni wala harusini. Nisipoimba, mimi ni nani?

Nilimwomba Mama Ngoie aniambie namna ya kulipa. Alifikiri siku mbili.

"Kila mutu mwenye ulimukopa, umutungie wimbo," alisema. "Yake yeye peke yake. Akikubali, umelipa. Na minyi utanitembeza. Kila fasi ile mashini ilisema nimekufa, bantu banione."

Tulianza na kutembea. Nilimpakia nyuma ya baiskeli, kwenye kiti cha mizigo, tukaenda duka kwa duka Kamina, kisha kwa gari la moshi mpaka Bukama, kisha kwa baiskeli tena mpaka Kabondo-Dianda kwenye njia ya mchanga ambako nilisukuma zaidi ya kupanda. Kila tulipofika, alisimama mbele ya fono na kusema, "Njo minyi Ngoie. Muniguse." Watu walimgusa kwa kidole kimoja, wakaruka nyuma. Mwanamke mmoja alianguka. Mwenye duka wa Bukama alikataa kuvunja santuri zilizobaki, akasema tangu habari hizi zianze zinanunuliwa zaidi. Mama Ngoie alimwambia, "Siku yako ikifika, ulete hiyo mashini ikulilie."

Kutunga kulinishtua kuliko majivu. Nilikaa na karatasi zangu za mistari mitano, bila gitari, nikagundua kwamba sikuwa na wimbo. Miaka yote ile niliyosifiwa, nilikuwa nimepanga upya mali za wengine. Mtu aliyejijenga kwa mikono yake, na matofali yote ya watu. Siku nyingi nilipanga alama, nikazifuta. Mwishowe niliacha karatasi, nikarudi kutunga kwa mdomo nikitembea, kama mwitaji.

Kwa Kapita nilikwenda kwanza. Kwa kuwa hasikii, nilimshikisha mkono wake juu ya kipande cha reli kilichokuwa kengele ya kampi, na mimi nikagonga wimbo wake kwa mtaimbo upande wa pili, ili aupate kwa kiganja. Aliusikiliza wote, macho ameyafumba. "Mwisho umeweka mufupi," alisema. "Muzuri. Sasa sema."

"Kapita, nimeacha genge."

"Eyo," alikubali. "Nenda."

Kalala alisumbua zaidi. Nilimtungia wimbo wa vidole viwili wenye jina lake mara nne, na jina la mkewe mara moja. Alitaka niongeze jina la mke wa kwanza, kisha mke wa pili akasikia, na ikabidi nitoe yote mawili. Kinkondja, Mzee Mutombo alikataa kusikiliza ufukweni. Alinikalisha kwenye mtumbwi na kasia mkononi, tukavuka kipande cha ziwa na kurudi, na niliporudi mikono yangu ilikuwa na malengelenge na wimbo ulikuwa na pengo mahali pake.

Mvua zilikuwa zinakusanyika. Alibaki mmoja.

Sasa nimestaafu. Nilifika kwa Bwana wa Mashini siku tano kabla ya mvua, na nyimbo sita zangu mwenyewe, nilizotunga kwa mdomo nikitembea baada ya kulipa madeni. Kijana wa Jadotville alirudi kwao. Nilitoa santuri nyingi baada ya hapo, na kila moja ina jina la mwenye vidole, la mwenye pengo, la kila aliyenipa kitu. Mupe wa misioni aliyenidharau alikuja kunisikiliza, akakaa safu ya mbele. Vijana huja kuniuliza, katika hizo zote, bora ni upi. Nawajibu ukweli. Ulio bora hamtausikia, wala haumo kwenye santuri yoyote.

Nirudi kwa yule mmoja aliyebaki: nilimpelekea Mama Ngoie wimbo mara tatu. Wa kwanza aliusikiliza nusu. "Hii ni ya Kapita," alisema, "umeivalisha kitenge yangu." Wa pili, uliofuata kanuni zote za diploma, aliusikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Hii ni ya Mupe." Nilirudi nyumbani nikiwa sina kitu. Asubuhi ya siku ya tatu niliingia uani bila kuwa nimetayarisha chochote. Alikuwa anachekecha. Nilianza tu kuimba nilichokiona: mwanamke anaweka chekecheo chini, anachota majivu, anamlilia mtu asiyemjua kwa moyo wote, kwa kuwa watu wameingia wanalia. Sikutaja jina lolote.

Nilipomaliza, unga ulikuwa umekaa kwenye chekecheo bila kutikisika.

"Ni ya nani?" aliuliza.

"Yako, mama."

"Basi weye usiimbe tena."

"Ndiyo, mama."

Alisimama, akaingia jikoni, akaniletea gitari. Ilinuka samaki, na magamba yalikuwa yamenasa chini ya nyuzi. Nilikaa kwenye ukingo wa ukuta nikiyatoa kwa ukucha. Sikuwa na deni kwa mtu yeyote duniani.

Yeye alirudi kwenye kigoda, akaanza kuchekecha na kuimba wimbo wake. Katika mstari wa pili aliubadilisha. Mahali nilipopandisha, alishusha, na akasubiri kidogo kabla ya neno la mwisho. Ulikuwa bora kuliko wangu, bora kuliko lolote nililofundishwa, na kabla sijajua, kidole changu gumba kilikuwa kimeshatafuta uzi mnene na kile cha shahada kimeinuka.

"Banza," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye unga. "Mikono."

Niliilaza gitari chini, nikaweka mikono yangu juu ya magoti, nikasikiliza.